Kope Iliyovimba: Ipi ya Kukanda Nyumbani na Ipi ya Kuwahisha Hospitali

Kope ikivimba, jambo la kwanza ambalo mtu hutaka kujua ni dawa ya kuweka. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kutibu macho nimezoea kuanza na swali jingine: je, uvimbe huu uko mbele au uko nyuma? Jibu la swali hilo ndilo huamua kama mgonjwa atarudi nyumbani na maelekezo ya kukanda kwa maji ya moto, au atalazwa usiku huohuo na kutundikiwa dripu.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, na karibu haina mafuta chini yake, ndiyo maana hujaa maji upesi na kwa kiasi cha kutisha hata kwa sababu ndogo kama kuumwa na mdudu. Chini ya ngozi hiyo upo msuli wa mviringo unaofumba jicho, kisha lipo bamba gumu linaloipa kope umbo lake, na kutoka kwenye bamba hilo hadi ukingo wa mfupa umetandazwa utando mwembamba lakini imara. Utando huo ndio mpaka. Kilicho mbele yake ni kope. Kilicho nyuma yake ni tundu la jicho, chumba kilichojengwa kwa mifupa 7, chenye ujazo wa mililita 30 hivi kwa mtu mzima, ambamo jicho, misuli yake, mishipa ya damu na neva ya kuonea hugawana nafasi. Kwa kuwa kuta za chumba hicho ni mfupa, chochote kinachoongezeka humo, kiwe usaha, damu au uvimbe, hakina pa kwenda ila kulisukuma jicho mbele na kuibana neva.

Nianze na mbele, kwa kuwa ndiko kuliko na magonjwa mengi zaidi. Ugonjwa ninaouona mara nyingi kuliko mwingine wowote, na ambao mimi mwenyewe ninao, ni uvimbe sugu wa kingo za kope, ambao madaktari huuita blefaritisi. Mwenye ugonjwa huu huamka kope zikiwa zimegandana kwa tongo, huhisi kana kwamba mchanga umeingia machoni, huona ukungu unaotoweka akipepesa, na akijitazama kwenye kioo huona kingo nyekundu zenye magamba madogo mashinani mwa nywele. Wengi hulalamikia machozi, nao hushangaa wanapoambiwa kwamba macho yao yanatiririka kwa sababu ni makavu. Maelezo yake yamo ndani ya kope. Katika kope ya juu zimo tezi za mafuta 25 hadi 40, na katika ile ya chini 20 hadi 30. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kila tunapopepesa, tezi hizo hutoa mafuta kidogo yanayotanda juu ya machozi na kuyazuia yasikauke. Mafuta yakiwa mazito na midomo ya tezi ikiziba, machozi hukauka kabla ya kupepesa kunakofuata, uso wa jicho huwashwa, na jicho hujibu kwa kumwaga machozi mengi ya maji matupu ambayo hayana mafuta ya kuyatuliza. Nikiibonyeza kope ya mgonjwa wa namna hii chini ya hadubini, badala ya mafuta maangavu hutoka uzi mweupe mzito, mfano wa dawa ya meno inayokamuliwa.

Tiba yake kuu haiuzwi dukani. Ni kukanda, kukamua na kusafisha, kwa mpangilio huo. Kitambaa safi huloweshwa katika maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hivi za Selsiasi, hukamuliwa, hujaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisha huwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosa faida: kitambaa hupoa upesi sana, na kitambaa kilichopoa hakiyeyushi kitu, kwa hiyo lazima kiloweshwe upya mara kadhaa. Mara tu baada ya kukanda, kope husuguliwa taratibu kwa ncha ya kidole kuelekea ukingo wenye nywele, yaani ya juu kwa kushuka na ya chini kwa kupanda, ili mafuta yaliyolainika yatoke. Mwisho, mashina ya nywele husafishwa kwa pamba au kitambaa laini kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au kwa dawa iliyotengenezwa mahususi kwa kope. Mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, kisha mara moja kwa siku bila kuacha. Neno hilo la mwisho ndilo gumu. Ugonjwa huu hutulizwa tu, haumaliziki, na ningependa kila anayeuguza kope zake aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa maana anayeahidiwa kupona huacha kukanda siku macho yanapotulia, na baada ya mwezi hurudi akiamini kwamba tiba haikufaa.

Kwa wagonjwa wengine mashina ya nywele huwa yamezungukwa na vifuniko vyembamba vya nta. Hiyo ni alama ya utitiri mdogo usioonekana kwa macho, demodeksi, anayeishi katika vinyweleo vya watu wengi, hasa wenye umri mkubwa, bila kuwadhuru mpaka aongezeke kupita kiasi. Mafuta ya mti wa chai yanamdhibiti, lakini yawe yale yaliyozimuliwa na kutengenezwa kwa ajili ya kope, kwa sababu mafuta matupu huunguza konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha matone ya lotilaner, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kuidhinishwa huko mahususi kwa tatizo hili. Mwenye wekundu sugu wa mashavu na pua, ugonjwa uitwao rosasia, mara nyingi huhitaji pia vidonge vya doxycycline kwa wiki kadhaa, dawa ambayo haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo.

Chokea hutokana na mazingira hayohayo. Bakteria, mara nyingi wa aina ya stafilokoka, huingia katika tezi iliyo kwenye shina la nywele au katika tezi ya Meibom, na kwa siku moja au mbili hujitokeza kipele chekundu chenye maumivu na ncha ya usaha. Kukanda mara nne kwa siku kunatosha. Kwa kawaida hupasuka au kunywea chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kisiminywe, kwa sababu kukiminya kunaweza kuusukuma usaha ndani ya tishu za kope. Antibayotiki huhitajika wekundu unaposambaa katika kope nzima au homa inapoanza. Kivimbe kinachobaki baada ya maumivu kuisha, kigumu na kinachotelezateleza chini ya ngozi, si chokea tena bali ni kalazioni: mafuta yaliyonaswa ndani ya tezi na kuzungukwa na uvimbe usio na vimelea, na ndiyo sababu antibayotiki hazikiondoi hata zikitumika mwezi mzima. Nacho hukandwa, kwa subira ya wiki na pengine miezi. Kisipokwisha, au kikiwa kikubwa kiasi cha kuikandamiza konea na kuharibu uoni, hupasuliwa kwa ganzi upande wa ndani wa kope, kazi ya dakika chache isiyoacha kovu nje.

Lakini kalazioni inayorudi mahali palepale baada ya kupasuliwa, hasa kwa mtu aliyevuka umri wa makamo, haipaswi kupasuliwa na kutupwa. Kinyama chake kipelekwe maabara, kwa sababu saratani ya tezi za mafuta hujifanya kalazioni, na mara nyingine hujifanya blefaritisi ya upande mmoja tu. Ishara ambayo naomba kila mtu aikumbuke ni nywele za kope kunyonyoka sehemu moja palipo na kivimbe. Uvimbe wa kawaida kwa kiasi kikubwa huziacha nywele zilipo, saratani huzila. Kidonda cha kope ya chini au cha pembe ya ndani ya jicho kisichopona, kinachotoa damu na kufunga kigaga tena na tena, nacho kipimwe, kwa kuwa huko ndiko inakopendelea kuota saratani ya seli za msingi za ngozi, ambayo ni nadra kusambaa mwilini lakini hula kuelekea ndani ya tundu la jicho ikiachwa.

Hapa sina budi kusema jambo linalonisumbua sana. Mgonjwa mwenye kope zinazowasha, iwe ni kwa mzio wa vipodozi, rangi ya kucha inayofika kopeni kwa kugusagusa, au dawa ya nywele, hupata nafuu ya haraka akipaka krimu au kuweka matone yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na nafuu hiyo humfanya aendelee kuyanunua mwenyewe kwa miezi. Steroidi zinazotumika kwa muda mrefu karibu na jicho zinaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho na kusababisha glakoma, ambayo haina maumivu na huiba uoni wa pembeni kwanza. Zinaweza kuleta mtoto wa jicho mapema. Na vimelea vya malengelenge vikiwa kwenye konea, huvipa nafasi ya kuitoboa. Mimi huziandika dawa hizi, na zina mahali pake, ila kwa siku zinazohesabika na chini ya uangalizi wa mtu anayepima shinikizo la jicho. Kinachotibu mzio ni kukitambua kilichouanzisha na kukiacha.

Kope zinazogeuka ni habari nyingine. Uzeeni kope ya chini hulegea, na inaweza kuinamia nje, jicho likabaki wazi, kavu na lenye kutiririka, au kuinamia ndani, nywele zikaikwaruza konea kila mtu anapopepesa. Matone ya kulainisha na mkanda wa plasta husaidia kwa muda. Tiba ni upasuaji wa kukaza kope, nao ni upasuaji wenye matokeo mazuri. Kinachohuzunisha ni kugeuka kwa kope ya juu kunakoletwa na trakoma, kwa sababu kungeweza kuzuiwa kabisa. Bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis huwaambukiza watoto mara nyingi, kwa mikono, vitambaa na nzi, na maambukizi yanayorudiwarudiwa huacha makovu upande wa ndani wa kope, mpaka miaka mingi baadaye makovu yanaikunja kope na nywele kuanza kulikata jicho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza mambo manne kwa pamoja: upasuaji kwa waliokwisha kugeuka kope, antibayotiki ya azithromycin kwa jamii nzima, kunawa uso, na maji na vyoo. Kung'oa nywele kwa kibano hutuliza kwa wiki chache tu. Zinapoota upya huwa fupi na ngumu, na huchoma kuliko za mwanzo.

Kope inayoanguka hustahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa wakati mwingine ni ugonjwa wa kope na wakati mwingine kope ni mjumbe tu. Kwa watu wazima wengi chanzo ni mkano wa msuli unaoiinua kunyooka polepole kwa umri, kwa kusugua macho au kwa kuvaa lenzi za machoni miaka mingi, na upasuaji wa kuukaza hurudisha uoni wa juu. Mtoto anayezaliwa na kope iliyoifunika mboni hawezi kusubiri akue, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lisilopewa mwanga wakati huo hubaki vivu hata kope ikiinuliwa baadaye. Msuli huo wa kuinua kope huamrishwa na neva ya tatu ya ubongo, neva ileile inayoisinyaza mboni. Kwa hiyo kope iliyoanguka ghafla, mboni ikiwa imetanuka upande huohuo na kichwa kikiuma sana, inaweza kutangaza mshipa wa damu uliotuna ubongoni na kukaribia kupasuka. Mtu huyo aende hospitali saa hiyohiyo. Kope iliyoshuka kidogo ikiambatana na mboni iliyosinyaa na maumivu mapya ya shingo inaweza kuonyesha kwamba ukuta wa mshipa mkubwa wa shingoni umechanika, na haraka ni ileile. Iko pia kope inayopanda asubuhi na kushuka jioni, pengine pamoja na kuona kitu kimoja kuwa viwili, ambayo hutokana na ugonjwa wa udhaifu wa misuli. Huo una kipimo chepesi ninachokipenda: barafu iliyofungwa katika kitambaa huwekwa juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika 2, na kope ikipanda kwa milimita 2 au zaidi, ugonjwa huo hushukiwa kwa nguvu.

Sasa nivuke mpaka. Maambukizi yaliyo mbele ya utando huifanya kope kuwa nyekundu, ya moto na iliyovimba, lakini mtu akiifunua hukuta jicho jeupe, linaloona vizuri na kugeuka huku na huku bila maumivu. Hayo hutibiwa kwa antibayotiki za kumeza, na mgonjwa huonwa tena ndani ya siku moja au mbili. Maambukizi ya nyuma ya utando, yaliyomo ndani ya tundu lenyewe, ni hatari ya maisha. Mara nyingi hayaanzii kopeni kabisa. Huanzia katika sinasi, vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, hasa vile vilivyo kati ya macho mawili, ambavyo ukuta wao wa mfupa kuelekea tundu la jicho ni mwembamba chini ya milimita 1. Kwa hiyo picha ya kawaida ni mtoto aliyekuwa na mafua mazito kwa siku kadhaa, ambaye sasa ana homa na jicho moja limevimba.

Mzazi anaweza kuchunguza mambo manne pale pale nyumbani. Kwanza, amwambie mtoto afuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa, kisha atazame kama jicho lililovimba linabaki nyuma na aulize kama linauma linapogeuka. Pili, asimame nyuma ya mtoto aliyeketi, amwinamishe kichwa nyuma kidogo, na atazame kutoka juu kama jicho moja limetokeza kuliko jingine. Tatu, alifunike jicho lisilo na uvimbe na kuuliza kama lile jingine linaona vyema. Nne, amwonyeshe kitu chekundu kwa jicho moja baada ya jingine, kwa maana neva inayobanwa huanza kwa kufifisha rangi nyekundu. Jibu moja baya linatosha kumpeleka hospitali bila kungoja asubuhi, na kope iliyovimba hata isifunuke ni jibu baya pia. Hospitalini atapewa antibayotiki kwa mshipa, atapigwa picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa kwa eksirei, na madaktari wa macho na wa pua watashirikiana. Jipu likionekana na uoni ukipungua, au hali isipopata nafuu kwa siku moja au mbili za dawa, usaha hutolewa kwa upasuaji. Tunakimbia hivyo kwa sababu usaha unaweza kuua neva ya kuonea kwa muda mfupi, na kwa sababu mishipa ya damu ya tundu la jicho hupeleka damu yake ndani ya fuvu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, ambaye uso unamuuma na ana ngozi au ndani ya pua iliyogeuka nyeusi, anaweza kuwa na fangasi wanaoua kwa siku chache, naye apelekwe mbio zaidi ya wote.

Jicho linalotokeza polepole, bila homa, kwa mtu mzima, mara nyingi linaelekeza kwenye tezi ya dundumio iliyopo shingoni. Kinga ya mwili inayoichokoza tezi hiyo huishambulia pia misuli na mafuta ya tundu la jicho. Kope za juu huvutwa, weupe ukaonekana juu ya mboni, na mtu huonekana ameshtuka hata akiwa ametulia. Kipindi cha uvimbe huo kinaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu na zaidi. Hapa kuna jambo moja ambalo mgonjwa analimiliki mwenyewe: kuacha sigara, kwa kuwa uvutaji huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu, huuzidisha, na hudhoofisha tiba zake. Madini ya seleniamu, maikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6, imeonyesha faida kwa wenye ugonjwa mwepesi. Walio katika hali nzito hupewa steroidi kwa mshipa, au dawa ya teprotumumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Upasuaji wa kurekebisha sura hungoja uvimbe utulie, na hufuata mpangilio usiogeuzwa: mfupa kwanza, kisha misuli, kisha kope. Rangi zikianza kufifia, kungoja kumekwisha.

Pigo la ngumi au mpira huvunja kwa urahisi sakafu ya tundu la jicho. Aliyepigwa asipenge kamasi, kwa sababu hewa ya sinasi hupenya hadi nyuma ya jicho. Mivunjiko mingi hupona kwa kuangaliwa tu, ila kwa mtoto mfupa hupinda na kurudi, ukaunasa msuli katikati. Jicho linaweza kuonekana jeupe kabisa huku mtoto akitapika na kushindwa kutazama juu, na watu wakadhani ameumia kichwa peke yake. Huyo hufanyiwa upasuaji ndani ya siku moja au mbili kabla msuli haujafa. Na jicho la mtoto linalotokeza kwa wiki chache bila kupigwa wala homa lipimwe mara moja, kwa kuwa uvimbe wa saratani unaweza kuwa ndio sababu.

Wako pia wanaobaki na tundu lisilo na jicho, nao husahauliwa katika makala nyingi. Baada ya jicho kuondolewa, tufe dogo huwekwa ndani kujaza nafasi, na baada ya wiki 6 hadi 8 fundi hutengeneza jicho la bandia la akriliki linalokaa nyuma ya kope. Lioshwe kwa sabuni laini na maji, kamwe si kwa spiriti, ambayo huipasua akriliki. Lisitolewe kila siku bila sababu, kwa kuwa kulishikashika huongeza uchafu na majimaji. Na lipelekwe kung'arishwa walau mara moja kwa mwaka. Mtoto abadilishiwe kila anapokua, kwa sababu mifupa ya tundu hukua kwa kusukumwa na kilichomo. Na kila mwenye jicho moja linaloona avae miwani ya lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kwa urahisi, kuanzia asubuhi hadi anapolala, hata kama haihitaji kwa kusomea.